Divai ya Mwaka wa Ndoa Yetu

Tangu nirudi sijapita Maili Moja, hapa Kibaha, hata mara moja bila mtu kunisimamisha. "Komba, ni kweli umenunua pombe iliyopitwa na muda kwa hela ya kuku?" Wanakwaya wenzangu wameuliza. Wale tuliofanya kazi pamoja hotelini wameuliza kwa simu. Juzi hata muuza magazeti ameuliza, na sijui nani alimwambia. Nimechoka kuieleza habari hii vipandevipande, kila mtu akienda na kipande chake na kukikuza anavyotaka. Nimeiandika yote hapa. Atakayeuliza tena nitampa asome.

Kwa asiyenifahamu vizuri: nilikuwa mhudumu wa divai katika hoteli moja kubwa mjini Dar es Salaam kwa miaka ishirini na sita. Kazi yangu ilikuwa kufungua chupa, kunusa kizibo, kuonja tone moja na kulitema, halafu kumimina. Divai nyekundu za Ufaransa zilizokaa chupani miaka mingi kuliko umri wa baadhi ya waliozinywa, zote zimepita mikononi mwangu. Lakini glasi nzima, ya kwangu, nikiwa nimekaa kwenye kiti, sikuwahi. Nilipostaafu tulihamia Kibaha, mke wangu Bernadeta akaanza kufuga kuku, na mimi nikawa msaidizi wake. Mwaka huu tumetimiza miaka thelathini ya ndoa. Miaka yote ya kazi nilikuwa nikirudi nyumbani na kumsimulia harufu za divai hizo: tumbaku, udongo uliolowa mvua, ngozi ya kiatu kipya. Jibu lake lilikuwa moja. "Baba Anjela, unanisimulia chakula cha watu."

Wiki chache kabla ya sikukuu yetu, mwenzangu wa zamani alinitumia picha kwenye simu. Ulikuwa mnada wa vitu vya nyumbani vya mzee mmoja Mfaransa aliyefariki: viti, jenereta, vitabu, na chupa kadhaa zenye vumbi. Nikaikuza ile picha kwa vidole. Kwenye lebo moja, chini ya jina la shamba la mizabibu la Bordeaux, niliusoma mwaka. Ulikuwa mwaka tuliofunga ndoa. Nikavua miwani, nikaifuta, nikasoma tena. Chini ya picha palikuwa pameandikwa: Jumamosi, saa nne asubuhi, Masaki.

Nilimwonyesha Bernadeta. Aliitazama picha, akaingia chumbani, akatoka na laki tatu za kuku.

"Zikiisha kabla hujafika kwenye hiyo chupa," akasema, "usinunue kiti. Viti tunavyo."

Kibaha hadi Masaki ya watu wengine

Jirani yangu Sadiki ana kirikuu, lile gari dogo la mizigo, na riziki yake ni kununua mihogo mashambani na kuiuza mjini. Ni mtu wa Mlandizi kwa asili, Mwislamu safi, mpole, na hana papara ya kitu chochote duniani. Nilimwomba anipeleke mnadani kuchukua vyombo.

"Vyombo gani, mzee Komba?"

"Vya kioo," nikasema.

Hilo lilikuwa kosa langu la kwanza, na nililijua wakati ule ule nalitamka.

La pili ni kwamba nilimwambia "Masaki", yeye akasema "sawa", na hakuna kati yetu aliyeuliza Masaki ipi. Kwangu halikuwa swali. Mfaransa, divai, mnada: hayo yote utayapeleka wapi zaidi ya Masaki ya Dar es Salaam, kwenye balozi na maghorofa yanayotazama bahari? Nilivaa suruali yangu nyeusi ya kazini, shati jeupe, na viatu nilivyovipiga rangi mpaka vikaonyesha uso. Tulitoka alfajiri tuiwahi foleni ya Kimara. Foleni ilituwahi sisi. Hata hivyo saa tatu na nusu tulikuwa Masaki, na mimi nilijiona mtu wa mipango.

Mtaa ulikuwa kimya. Hakuna turubai, hakuna kipaza sauti, hakuna watu. Nikampigia dalali wa mnada, ambaye namba yake ilikuwa chini ya ile picha.

"Nimeshafika Masaki," nikamwambia. "Niko kwenye kona, penye benki."

"Benki?" akauliza. "Benki ipi tena? Wewe njoo mpaka ofisi ya kata. Unayaona magunia ya mkaa?"

"Hapa hakuna mkaa. Naona geti jeusi na mlinzi."

"Mlinzi wa korosho?"

"Mlinzi wa balozi!"

Akasema taratibu, kama anavyosema mtu na mgonjwa, "Mzee wangu, balozi wa nyumba kumi huku hana mlinzi."

Tuliendelea hivyo mpaka salio likaanza kulalamika. Yeye alinielekeza nikate kulia kwenye mashine ya kusaga. Mimi nilimweleza kwamba kulia kwangu ni duka la maua. Mwishowe mlinzi wa lile geti, ambaye alikuwa amesikia kila neno, akasogea akiwa ameziba mdomo kwa kofia.

"Samahani mzee," akasema. "Huyo anakuambia Masaki ya Kisarawe."

Nikamgeukia Sadiki. Alikuwa ameegemea mlango wa gari, anakula karanga.

"Masaki ya Kisarawe nanunua mihogo kila wiki," akasema. "Ungelitaja tu jina la Kisarawe, tungekatia Kiluvya. Saa hizi tungekuwa tumeshakula."

"Kwa nini hukuuliza?"

"Ulikuwa umevaa viatu vya Masaki hii, mzee wangu."

Hadi Kisarawe mjini, na sahani ya pili

Kutoka Masaki moja hadi nyingine inabidi uuvuke mji mzima. Ilikuwa Jumamosi, na Jumamosi kila mwenye harusi, msiba au saruji ya kubeba huwa barabarani. Tulipofika Gongo la Mboto saa nne ilikuwa imepita zamani. Nilimpigia dalali mara tatu kumsihi asianze na chupa. Mara ya tatu alizima simu.

Tukapanda vilima vya Pugu. Kuna upepo mzuri kule juu, na siku nyingine ningeufurahia. Siku ile nilikuwa nahesabu dakika. Kisarawe mjini Sadiki akapunguza mwendo na kuingia kwenye kiuchochoro.

"Tunakwenda wapi?"

"Shangazi yangu anakaa hapa. Akisikia nimepita bila kusalimia, mwaka mzima sitapumua."

Dakika tano, akasema. Nilishuka nikiwa nimekunja uso, nikaukunjua mlangoni kwa sababu aliyetupokea alikuwa mama wa umri wa mama yangu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba, karibuni. Mmekuja na njaa, naiona."

Hatukuulizwa. Mkeka ulitandikwa, maji ya kunawa yakaja, na bakuli la mihogo iliyoungwa kwa nazi na samaki wa kukaanga. Nakiri kwamba ilikuwa mihogo mizuri kuliko yote niliyokula mwaka huu. Ilikuwa laini, na tui limeshika kila mahali. Ningeila kwa amani kama ningekuwa sina safari. Nilipomaliza sahani ya kwanza nikaanza kujiandaa kuinuka, sahani ya pili ikawa imeshajaa.

"Sasa na hizo nguo za harusi mnakwenda wapi?" akauliza shangazi.

"Mnadani Masaki, mama. Kuna chupa za zamani."

"Za zamani! Za Mjerumani?"

"Hapana, za Mfaransa."

"Zina nini ndani?"

Sadiki aliacha kutafuna. Nilihisi macho yake ubavuni mwangu.

"Zimefungwa," nikasema.

Shangazi akaweka kata chini. "Mwanangu, sikiliza. Vitu vya Wazungu vilivyofungwa, mkaviache vilipofungiwa. Alikuja mtu hapa na mashine yake ya kutafuta rupia, zile hela za Mjerumani zilizofukiwa. Akachimba, akachimba, mpaka choo cha jirani kikadidimia. Na rupia hakuiona."

Nilimwapia kwamba sitafuti rupia. Hakuniamini. Aliniuliza kama nina mganga, na kama huyo mganga amewahi kumwonyesha mtu mali yoyote kwa macho. Ndipo adhana ikalia, Sadiki akainuka kwenda kuswali, na mimi nikabaki na shangazi, sahani ya tatu, na nasaha juu ya watu walioharibikiwa kwa tamaa. Dakika tano zilikuwa zimefika saa nzima na ushee. Nisingeweza kumkasirikia mtu yeyote pale, na hilo ndilo lililonikera zaidi.

Masaki yenyewe

Ukitoka Kisarawe mjini unaiacha lami, na vumbi jekundu linakupokea. Mikorosho kushoto, mihogo kulia, na bodaboda zinakuja mbele yako zikiwa zimebeba magunia ya mkaa hadi dereva haonekani, unaona gunia linaendesha pikipiki. Sadiki anajulikana kila baada ya nyumba mbili. Kila anayemjua alitaka kujua bei ya mihogo mjini, na Sadiki hakuona sababu ya kumjibu mtu gari likiwa linatembea.

Tulifika saa nane. Tulikuwa tumechelewa kwa saa nne nzima. Nilikimbia kutoka kwenye gari na viatu vyangu vilivyokwishageuka rangi ya tofali, nikiwa na hakika kila kitu kimeuzwa.

Mnada ulikuwa haujaanza. Betri ya kipaza sauti ilikuwa inachajiwa kwa jirani, na mtendaji wa kata aliyetakiwa kushuhudia alikuwa msibani. Watu kama thelathini walikaa juu ya viti vya marehemu, wakivijaribu.

"Si nilikuambia usiwe na haraka?" akasema dalali, kijana mnene mwenye kofia. Hakuwahi kuniambia hivyo.

Nikauliza chupa ziko wapi. Akanyoosha mkono. Zilikuwa nje, uwanjani, juu ya turubai, zimewekwa hapo tangu asubuhi. Juani! Joto ndilo linaloua divai ya umri ule. Saa chache za jua la Pwani zinatosha kuigeuza kitu cha kuungia kachumbari.

Lakini nilipokaribia niliona magunia. Chupa zote zilikuwa zimefunikwa kwa magunia ya katani yaliyolowa, na kando yake, juu ya dumu, alikaa mama mmoja mwembamba mwenye kopo mkononi. Alikuwa akinyunyiza maji.

"Shikamoo mama."

"Marahaba." Hakuacha kunyunyiza. "Wewe ndiye uliyepotelea kwenye mabenki?"

Kumbe habari zangu zilinitangulia. Aliitwa Bi Mwanahawa, na alikuwa amemtunzia Mfaransa yule nyumba kwa miaka mingi. Nilimuuliza nani alimfundisha kufunika divai kwa gunia bichi.

"Mwenyewe," akasema. "Aliponiajiri nilikuwa mjane na watoto watatu. Akaniambia, Mwanahawa, vile vilivyomo shimoni sikuombi uviguse, najua dini yako. Wewe mwagia maji magunia ya mlangoni, asubuhi na jioni. Basi. Amefariki, na hakuna aliyekuja kuniambia niache. Leo huyu kijana ametoa chupa zimeanikwa kama dagaa. Nikaleta magunia."

"Kuna shimo?"

"Njoo uone."

Shimoni, na juu ya shimo

Sasa wote mnaoniuliza kwa nini sikuwapo chupa zilipokuwa zinanadiwa, jibu ni hili: nilikuwa chini ya ardhi.

Mzee yule alichimba ubavuni mwa kilima, nyuma ya nyumba. Unashuka ngazi tisa za udongo, unainama kwenye mlango mdogo wa mbao, halafu joto lote linabaki nje. Nilisimama pale gizani, Bi Mwanahawa akanimulikia kwa simu. Rafu za mbao ya mnazi, kipimajoto kimoja ukutani, na ubaridi kama wa kanisa la mawe. Kule hotelini tulikuwa na chumba cha mashine kilichogharimu fedha nyingi na kuharibika kila mwezi. Huku mtu mmoja na jembe, na mama mmoja na kopo la maji, walifanya kazi ile ile. Nikaanza kuuliza maswali. Alikuwa anaenda kisimani saa ngapi? Kiangazi je? Hata alipokuwa mgonjwa? Alijibu yote. Sijui tulikaa muda gani.

Ndipo tukasikia kipaza sauti, mbali, juu ya vichwa vyetu. Betri ilikuwa imejaa.

Nilipanda zile ngazi nikagonga kichwa mlangoni. Nilipofika uwanjani dalali alikuwa ameshahamia kwenye jenereta.

"Chupa?" nikapiga kelele. "Chupa ziko wapi?"

"Zimekwenda, mzee. Zilizojaa na tupu, fungu moja. Nilikuita mara mbili."

"Zimekwenda kwa nani?"

Akaonyesha kwa kidevu. Kwenye tuta la mihogo, pembeni ya uwanja, mzee mmoja mwenye kanzu na baraghashia alikuwa amechuchumaa. Mbele yake zilipangwa chupa. Alikuwa ameshindilia kizibo cha moja ndani kwa kijiti, ameiinamisha, na divai nyekundu ilikuwa inaingia ardhini.

Nilikimbia. Nafikiri nililia jina la Mungu, sikumbuki. Nilipomfikia chupa ilikuwa imekwisha. Na pale, nikiwa nahema juu ya tuta la mihogo, ile harufu ikapanda kutoka kwenye udongo na kunipiga usoni. Tumbaku. Majani makavu. Tunda lililoiva mpaka likakaribia kuoza lakini halijaoza. Divai ile ilikuwa hai. Ilikuwa imevuka miaka yote hiyo, na jua la asubuhi ile, na ilikuwa hai, na udongo wa Masaki ulikuwa unainywa.

"Mzee," nikasema, "shikamoo, tafadhali, simama kwanza."

"Marahaba. Kuna nini?"

Alikuwa mzee Shomari, mfuga nyuki na muuza asali wa Mlandizi. Anauza kandokando ya barabara kuu, ile ile inayopita kwetu Kibaha. Alitaka chupa. Vioo vizito, vyeusi, vyenye kitako kilichobonyea ndani: asali ikikaa humo, akasema, mteja anaiona ni ya heshima.

"Nitainunua kwako hiyo iliyomo," nikamwambia. "Usimwage. Taja bei."

Akanitazama bila hasira. "Mwanangu, chupa nitakuuzia ukitaka. Kilichomo siuzi. Kukiuza kwangu ni sawa na kukinywa. Sikiuzi, sikigawi, sikibebi. Kinamwagwa, basi."

"Nipe bure, basi."

"Nimesema sikigawi."

Akachukua chupa ya pili. Niliisoma lebo ikiwa mkononi mwake. Ndiyo yenyewe, ya mwaka wetu. Nimeshawahi kubishana na wageni walevi, na mabosi, na mabalozi halisi wa nchi halisi, lakini wote hao walikuwa na makosa. Mtu yule alikuwa na haki. Alikuwa akifuata dini yake kwenye kitu alichokinunua. Mimi nilikuwa na nini? Miaka thelathini ya ndoa, na laki tatu za kuku. Nilimwambia hivyo hivyo. Nilimwambia kuhusu Bernadeta. Alisikiliza, akatikisa kichwa kwa huruma ya kweli, na akachukua kijiti.

"Shomari." Ilikuwa sauti ya Bi Mwanahawa, aliyekuwa amefika nyuma yangu na kopo lake. "Umelipa?"

"Nalipa kwa simu. Mtandao unasumbua."

"Umelipa au hujalipa?"

"Bado."

"Basi hiyo si yako. Unamwaga mali ya marehemu, na warithi wake hawajapata haki yao. Weka chini."

Mzee Shomari akaiangalia ile chupa, akamwangalia Bi Mwanahawa, halafu akaiweka chini kwa uangalifu mkubwa, kama yai.

Dalali aliitwa. Kwanza alikataa, nyundo ikishagonga imegonga. Mtendaji, aliyekuwa ametoka msibani na alitaka kurudi, akasema asiyelipa hajanunua na wamalize upesi. Basi fungu likagawanywa mara mbili: chupa tupu kwa mzee Shomari, kwa bei aliyoridhika nayo, na zilizojaa, kumi na moja zilizobaki, zinadiwe upya.

Na dalali si mjinga. Alikuwa ameniona nikikimbia.

"Divai ya Ufaransa! Ya zamani kuliko mimi! Naanza na laki tano!"

Nilikuwa na laki tatu. Nikafanya kitu pekee nilichojua kufanya: nikaweka mikono nyuma, nikanyoosha mgongo, na kuufuta uso wangu kila kitu, kama nilivyosimama kando ya meza za watu miaka ishirini na sita. Hakuna aliyetaja bei. Mtu mmoja aliuliza mwisho wa matumizi umeandikwa wapi, watu wakacheka. Laki nne. Laki tatu na nusu. Mtendaji akaangalia saa.

"Laki tatu, na ile iliyomwagwa ihesabiwe humo humo," akasema dalali, amechoka.

Nikainua mkono.

Kurudi

Sadiki alikuwa amesimama kando ya kirikuu, mihogo imeshapangwa. Alitazama kreti niliyoibeba kifuani, akasoma lebo, akanitazama mimi.

"Vyombo vya kioo," akasema.

"Sadiki, nisamehe. Niliogopa ungekataa."

"Ningekataa. Lakini ningekutafutia mtu mwingine tangu jana, na ungelala vizuri." Hakupandisha sauti, na ningependelea apandishe. "Gari hili linabeba chakula cha watu, na futari ya msikitini Ramadhani. Silipakizi hiyo."

Yeye ndiye aliyenitafutia bodaboda, yeye ndiye aliyefunga kreti kwa mipira, juu ya magunia mawili tuliyopewa na Bi Mwanahawa, bila mkono wake kuigusa chupa.

"Nitakuwa nyuma yenu mpaka Kibaha," akasema. "Ukianguka nitakuokota wewe. Hizo utaziokota mwenyewe."

Divai ya zamani haitakiwi kutikiswa. Ina mashapo chini, na yakivurugika unakunywa tope. Nilimweleza dereva wa bodaboda hivyo kwa kirefu. Aliitikia, "Freshi, mzee," na akaruka shimo la kwanza kwa magurudumu yote mawili. Kutoka Masaki hadi Kisarawe, na kutoka Kisarawe kwa kukatiza Kiluvya, nilimgonga begani kila tulipoona tuta. Alidhani namwambia aongeze mwendo. Nilipogundua hilo tulikuwa tumeshafika barabara ya Morogoro. Nyuma yetu taa za kirikuu hazikupotea hata mara moja.

Bernadeta alifungua geti jua likizama. Alinitazama kuanzia nywele hadi viatu.

"Ulipitia wapi?"

"Masaki," nikasema. "Zote mbili."

Mlandizi

Wiki iliyofuata nilimpelekea mzee Shomari chupa kumi na mbili tupu, nzito, nyeusi, kutoka kwa wenzangu wa hotelini, zimeoshwa kwa maji ya moto. Sikulazimika, lakini bila yeye kukubali kuziweka chini ningekuwa sina kitu. Alizipokea, akazinusa moja moja, akaniambia ataziosha tena mara saba. Kisha akanipa asali kwenye kijiko, ya mikorosho, nyeusi na yenye uchungu kidogo mwishoni. Nikaizungusha mdomoni kwa mazoea. Akaniuliza nahisi nini. Nikaanza kumtajia, na tukajikuta tumekaa saa mbili, tunaonja asali ya kila mti, tunabishana. Nilimpeleka na Sadiki kumsalimia, kwa sababu Sadiki ana ndugu pale jirani. Mimi na Sadiki tunaongea kama zamani, ila sasa kila nikimwomba gari ananiuliza, "Kuna nini ndani?"

Mezani

Jumapili ya sikukuu yetu tulitoka misani, Bernadeta akapika pilau ya mbuzi. Hatukualika mtu. Chupa zilikuwa zimesimama wima chini ya kitanda tangu nirudi, zimezungukwa na magunia mabichi, na mke wangu alikuwa amezilalamikia kila siku kwa kumlowesha miguu.

Nilianza kufungua saa saba mchana. Za mwaka wetu zilikuwa mbili. Ya kwanza, kizibo kilimomonyoka, nikanusa: siki na ukungu. Imekufa. Niliimwaga, na Bernadeta, kwa huruma, akajifanya anatafuta chumvi. Ya pili kizibo kilikatika katikati. Ikabidi niimimine kwa kupitia chujio la chai. Nikamwaga matone mezani, mimi ambaye sikuwahi kumwaga tone kwenye kitambaa cha meza.

Ilikuwa hai.

Nikamimina kidogo kwenye glasi yake, nikasimama kuliani kwake, mkono mmoja nyuma, nikasubiri. Alionja. Akaonja tena.

"Hii ndiyo ulikuwa unawamiminia watu?" akauliza.

"Hii, na nyingine kama hii."

"Na ukimaliza, unakunywa nini?"

"Maji."

Akaweka glasi chini. Akainuka, akaichukua chupa mkononi mwangu.

"Kaa," akasema.

Nikakaa. Akasimama upande wangu na kunimiminia. Alinimiminia kama anavyomimina chai: kwa haraka, kutoka juu, mpaka glasi ikajaa hadi ukingoni, halafu akaiinamisha chupa kabisa ili isibaki kitu, na mashapo yote, tope lote la miaka thelathini, likaingia ndani ya glasi yangu. Kila nilichofundishwa kinakataza hivyo. Nilifungua mdomo nimwambie.

Kisha nikaufunga, nikainua glasi kwa mikono miwili isimwagike, na nikanywa yote, pamoja na tope lake.